Marahaba ya Meza ya Jirani

Sato wa kuchoma hana haraka. Aparuliwe magamba, achanjwe ubavuni, apakwe chumvi, ndimu na tangawizi, akae kidogo akolee, ndipo apandishwe kwenye wavu. Na makaa yawe yameshatulia, maana moto mkali humbabua ngozi ukamwacha mbichi kwenye uti wa mgongo. Mpishi anayejua kazi yake atakuomba dakika 40. Akikuambia 15, ama samaki alishachomwa tangu asubuhi na sasa anapashwa moto, ama anataka tu usiondoke. Mtu mzima dakika hizo anazimaliza kwa bia, kwa simu, au kwa kuwasema watu wasiokuwepo. Mtoto wa miaka mitatu aliyeamshwa alfajiri kwa ajili ya misa, akavalishwa viatu vinavyombana, akapandishwa daladala na kuteremshwa kando ya ziwa saa saba mchana, dakika hizo hana pa kuzipeleka.

Naanzia jikoni kwa makusudi. Kila ninaposikia watu wa Mwanza wakisema watoto wa siku hizi hawana adabu hotelini, mimi huuliza kwanza waliagiziwa nini na kilichukua muda gani kufika.

Miaka ya tisini nilikuwa mhudumu kwenye hoteli moja ya kando ya ziwa, upande wa Kirumba. Jina lake nitaliacha. Mwenye nayo ametangulia mbele ya haki, na wanawe tunasalimiana vizuri. Kulikuwa na viti vya plastiki, miamvuli iliyopauka kwa jua, na yale mawe makubwa ya Mwanza ambayo hakuna aliyethubutu kuyaondoa, kwa hiyo meza zilipangwa kuyazunguka. Kazi yenyewe ilinifundisha mambo ambayo mteja hayaoni. Nilijua, kwa mfano, kwamba kelele za watoto hukatika pale sahani ya kwanza inapotua mezani, hata kama ni chipsi kavu zisizo na kitu. Basi familia ikikaa tu, kabla hata hawajamaliza kubishana nani anakunywa soda gani, nilikuwa naleta sahani ndogo ya chipsi au ndizi za kukaanga na kuiandika kwenye bili. Sikumbuki mzazi aliyewahi kuikataa. Meneja alidhani nina kipaji cha biashara.

Lakini kuna jambo jingine, nalo nililijua kwa sababu ya mjusi.

Kwenye mawe yetu wanaishi mijusi ambao mgeni akiwaona mara ya kwanza hudhani wamepakwa rangi. Dume lina kichwa na kifua chenye wekundu wa waridi, na kiwiliwili cha buluu iliyokolea. Wataalamu wamempa mjusi huyu jina la mji wetu, Agama mwanzae. Watoto wa sasa wanamwita Spider-Man na hawajakosea sana. Ana tabia ya kusimama juu ya jiwe akatikisa kichwa chini, juu, chini, juu, akikutazama. Kwa mtoto anayesubiri samaki huo ni mwaliko.

Jumapili moja mvulana aliyevaa suti na tai ya kipepeo alimfukuza mjusi hadi chini ya meza ya wanaume wanne. Meza ikayumba, chupa ikalala, bia ikamwagikia suruali ya mmoja wao. Nikasimama na trei yangu nikisubiri matusi. Aliyekuwa karibu alimshika mtoto bega akamuuliza, "Wewe baba, mtoto wa nani?" Mtoto akanyoosha kidole kuonyesha kwao. Yule aliyelowa, huku anajifuta kwa mkono, akasema, "Aa, si ndiye aliyetupa shikamoo pale wakati wanaingia?" Ikawa ndiyo hukumu. Wakamrudisha kwa wazazi akiwa ameshikwa mkono. Baba mtu akainuka, akaomba radhi, akaniagiza niwapelekee bia nyingine. Wao wakakataa, akashikilia, wakakubali. Mama akambana mtoto katikati ya magoti yake mpaka chakula kilipofika.

Tangu siku ile nikawa naangalia familia zinavyoingia. Wapo waliopita katikati ya meza wakiwa kimya, macho kwenye kiti watakachokalia, wakaketi na kugeuza migongo. Wapo waliosimama kidogo kila walipopita, "Habari za hapa," na watoto nyuma yao wakitoa shikamoo, mmoja kwa sauti, mwingine kwa kunong'ona huku ameficha uso kwenye sketi ya mama. Malalamiko yaliyoletwa kwangu, ya "dada, hebu waambie wale wawatulize watoto wao," karibu yote yaliwahusu wale wa kwanza. Watoto wa kundi la pili hawakuwa watulivu zaidi, la hasha. Walikimbia vilevile, walilia vilevile, na mmoja aliwahi kutapikia kiatu cha mteja. Ila kiatu kile kilikuwa cha mtu aliyeshaitikia marahaba.

Kelele zenyewe, kusema kweli, hazikuwa kitu. Hoteli ile ilikuwa na spika mbili kubwa, na mpiga muziki aliyeamini kwamba mteja asiyeinua sauti kuongea hajafurahia. Siku ya Simba na Yanga watu wazima walipiga meza, viti vikaanguka, mtu akamporomoshea matusi refa ambaye yuko Dar es Salaam na hamsikii. Hakuna aliyewahi kuniita pembeni akaniomba niwanyamazishe. Mtoto mmoja alie dakika mbili, shingo zinageuka. Siku hizi kuna dawa ya simu: mtoto anawekewa katuni, sauti juu kabisa, kijiko kinaingia mdomoni bila yeye kujua anakula nini, na meza za jirani zinasikiliza wimbo uleule ukirudiwa mpaka bili ije. Hilo nalo linavumiliwa kwa sababu mtoto amekaa. Kumbe tunachokitaka si ukimya.

Nilikolelewa, Magu, kula kulikuwa na sheria zake na zilijulikana na wote. Mdogo ndiye aliyewanawisha wakubwa, akianza na mgeni, na ole wake amwage maji ya moto haraka. Tonge unalimega upande wako. Kitoweo hakiguswi mpaka mkubwa agawe, hata kama ni mkia tu wa sato umelala mbele yako. Mgeni hatazamwi mdomoni. Wavulana wakishachangamka kidogo walihamia shikome, kwenye moto wa jioni wa wanaume, wakala huko na kusikiliza yaliyokuwa yakisemwa. Sisi wasichana tulibaki na mayu, yaani mama, na shangazi zetu kulizunguka sinia la ugali wa muhogo na nsansa, ile mboga ya majani yaliyokaushwa, au samaki wadogo wa furu, enzi hizo furu bado walikuwa tele kabla sangara hajawamaliza wengi wao.

Katika sinia lile hakuna aliyeuliza mtoto huyu wa nani. Aliyekuwepo chakula kinapotengwa alinawa akala, awe wa jirani, awe aliyetumwa chumvi akachelewa kurudi kwao. Na mkubwa yeyote aliyekuwepo alimkanya mtoto yeyote: mgeni, jirani, hata mchuuzi wa dagaa aliyepita kudai deni. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Aliyekulisha ana haki ya kukuambia toa kiwiko, na aliyekuambia toa kiwiko hawezi kukuacha na njaa. Sidai kwamba yote yalikuwa mazuri. Kofi lilikuwa karibu mno, na mtoto alifundishwa kunyamaza hata pale alipokuwa na la kusema. Nina dada aliyekwamwa na mwiba kooni akaona afadhali avumilie kuliko kuwakatiza wakubwa mazungumzo.

Kula hotelini halikuwa jambo la familia. Hoteli ilikuwa ya msafiri, ya dereva, ya mwanamume aliye mbali na mkewe. Mtoto aliingia hotelini akiwa mgonjwa. Mimi niliingia mara ya kwanza baba aliponileta Bugando kutibiwa sikio. Ile hospitali juu ya kilima, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilikuwa kwetu jengo refu kuliko yote duniani, na kushuka salama kutoka huko kulistahili zawadi. Akanipeleka kwenye mgahawa karibu na soko, tukaketi kwenye benchi. Nilibanwa katikati ya baba na mtu nisiyemjua, mabega yao juu ya kichwa changu, na mbele yangu bilauri ya chai ya maziwa na sambusa mbili. Nilipojaribu kusimama nichungulie jikoni, yule mtu nisiyemjua alinirudisha chini kwa kiganja kimoja bila kuacha kuongea, kisha akanisogezea sukari. Baba hakuona ajabu. Nadhani hata hakuona.

Benchi lile lilikuwa na akili. Ukipita leo kwa mama ntilie wa karibu na kivuko cha Kamanga utaliona bado linafanya kazi: mtoto ameingizwa katikati ya watu wazima wawili, hana pa kukimbilia, na jirani yake akitaka pilipili itabidi imzunguke yeye. Bustani ya Forodhani kule Unguja hufanya vivyo hivyo kwa njia nyingine. Watu wanakula wamesimama au wameketi ukingoni, watoto wanapita katikati ya miguu yao, na hakuna anayesema mtoto ameingia kwenye eneo lake kwa sababu hakuna mwenye eneo. Ugomvi unaanza na meza. Ukishapewa meza yako peke yako, yenye namba na mwamvuli, unaanza kuhisi kwamba na hewa inayoizunguka umeilipia.

Na meza hizo zilitujia na pesa. Sangara yuleyule aliyewala furu alileta viwanda vya minofu, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na kuanzia miaka ile ya tisini mtu wa kawaida wa Mwanza, karani wa kiwandani, fundi wa barafu, mwenye mtumbwi mmoja wa injini, aliweza Jumapili kumwambia mkewe asiwashe jiko. Soko la Ulaya lilipofungwa mwaka 1999 kwa sababu ya samaki wa sumu, nilijua kabla sijasoma gazeti: meza za Jumapili zilikuwa tupu. Likafunguliwa, watu wakarudi. Mwaka uliofuata mgodi wa Geita ukaanza kutoa dhahabu, tukaanza kuona familia zikivuka na magari yao, watoto wamevaa miwani ya jua. Lakini hoteli zenyewe zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya wanaume na bia zao. Hakukuwa na kiti cha mtoto, hakukuwa na sahani isiyovunjika, hakukuwa na uzio kati ya nyasi na maji. Familia zilimiminika kwenye baa, kila upande ukadhani upande mwingine ndio umevamia.

Maji nayo si ya mchezo. Yana kichocho, kuna mahali yana mamba, na mawe yake yana utelezi. Baada ya meli ya MV Bukoba kuzama Mei 1996, kwa muda mrefu niliona wazazi wakichagua meza za mbali kabisa na ziwa, na mtoto akisogea hatua tatu kuelekea ufukweni anaitwa na sauti nne. Wengine hawakuwa hata ndugu zake.

Nalitaja hilo kwa sababu ya kisa kilichotokea miaka ya karibuni, mimi nikiwa mteja, kwenye ufukwe mmoja wa Ilemela. Binti wa miaka kama mitano alikuwa akishuka jiwe moja baada ya jingine kuelekea majini. Mama yake alikuwa na simu sikioni, amegeukia upande wa barabara akimwelekeza mtu mahali pa kuegesha gari. Mzee wa meza ya pili akaita, "Wewe mtoto, rudi, majini hapana." Binti akageuka, akamtazama, akaendelea kushuka. Mzee akaweka kando fimbo yake, akateremka kwa shida, akamshika mkono, akampandisha na kumketisha kwenye kiti. "Kaa hapa. Usiondoke." Hakumpiga, wala hakupaza sauti.

Mama akageuka wakati huo. "Wewe mzee, nani kakupa ruhusa ya kumshika mwanangu?"

"Mwanangu, nimemtoa kwenye maji."

"Ungeniita mimi. Mtoto wangu haguswi na mtu."

Mzee akasema, "Haya mama, yameisha," akarudi kwenye kiti chake. Samaki wake alipofika akaomba afungiwe, akaondoka. Watu walimsema sana yule mama, kwa sauti ya chini ambayo ilihakikisha anasikia. Mimi nilichokitazama ni nusu saa iliyofuata. Binti yule yule, akiwa sasa amechoka na ana njaa, alipanda juu ya kiti cha meza nyingine, akachovya kidole kwenye kachumbari ya watu, akamwaga chumvi. Hakuna aliyemwambia neno. Mwenye kachumbari aliisogeza tu mbali na kutazama simu yake. Walikuwa wameshaambiwa haguswi, wakatii. Mama mtu alipokuja kumchukua alikuta nyuso zilizofungwa, na nina hakika alirudi nyumbani akisema watu wa Mwanza hawapendi watoto.

Hata hivyo siwezi kumlaumu kwa wepesi ule. Mimi nilifanya kazi kwenye hoteli; najua kwamba si kila mkono unaomshika mtoto una nia ya yule mzee. Mama wa leo anasikia redioni yanayowapata watoto, anamfundisha binti yake asikubali kuvutwa na mtu asiyemjua, na kisha tunamtaka afurahi anapomkuta amevutwa na mtu asiyemjua. Benchi la utoto wangu lilikuwa la watu waliojuana kwa sura, au walioweza kuulizana ukoo na kufika kwa mtu mmoja. Ufukwe wa Jumapili una watu kutoka Shinyanga, Bukoba, Musoma na Nairobi, na hakuna anayejua nani ni nani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi ampe mtoto nafasi ya kucheza na kupumzika, sawa na inavyomtaka ampe chakula na mavazi. Na sheria hiyohiyo inamtaka mtoto awaheshimu wakubwa wake. Kwenye karatasi hayo yanakaa vizuri pamoja. Ufukweni mtu anatumia kipande kinachomfaa.

Wenzetu wa mbali wamekata shauri kwa njia nyingine. Korea Kusini migahawa mingi imejiwekea kanuni ya kutopokea watoto, mpaka mwaka 2017 tume yao ya haki za binadamu ikatamka kwamba mgahawa mmoja wa kisiwa cha Jeju uliowazuia walio chini ya miaka 13 ulifanya ubaguzi. Mabango hayo hayakwisha kwa tamko hilo. Hapa kwetu bango la namna hiyo silitarajii. Mwenye hoteli atakayeliweka atatafuta pa kuweka uso wake msibani. Tuna njia yetu ya upole. Meneja wangu alinipa maagizo siku ya kwanza: "Wenye watoto wapeleke kule nyuma." Kule nyuma ilikuwa kati ya choo na jiko, yaani kwenye karai la mafuta yanayochemka na makaa ya wazi, mahali pabaya kuliko pote pa kumweka mtoto anayetambaa. Wateja wenye bia walikaa mbele, kwenye nyasi na upepo. Nilikuwa nasema meza za nyuma zimejaa. Mara nyingi zilikuwa hazijajaa.

Siku hizi fukwe nyingi zimeweka bembea, mahali pengine na lile kasri la plastiki linalojazwa upepo, na kijana wa kukusanya pesa mlangoni. Ni jambo jema. Mgongo wa mzazi unapata kupumzika. Ila naona watoto wanaoshushwa kwenye gari, wakapelekwa moja kwa moja kwenye bembea, wakaletewa chakula kulekule, wakarudishwa kwenye gari. Wamekwenda kula nje bila kuketi na mtu. Na kuwaweka watoto peke yao si lazima iwe ndiyo salama yao. Watu wa kanda hii hatujasahau disko toto la Tabora, sikukuu ya Idd ya mwaka 2008, watoto walipojazwa kwenye ukumbi wao wenyewe na wapatao 20 wakafia humo kwa kukosa hewa na kukanyagana. Tangu hapo kila sikukuu ikikaribia polisi hukumbusha kwamba disko toto ni marufuku. Mimi kila ninapoona watoto kwenye meza ya wakubwa sikukuu, wakichokonoa macho ya samaki na kuulizwa maswali ya shule, sioni kelele.

Binti wa kaka yangu, anayeishi Buzuruga, ana mapacha wa miaka mitano, na alikuwa ameacha kabisa kutoka nao. Aliniambia wanamwaibisha. Kulwa anapanda juu ya vitu, Doto anaongea kwa sauti ya muuza magazeti. Nikamwambia habari za chipsi za kwanza, akazikubali. Nikamwambia asiagize sato wa kuchoma kama hakupiga simu kabla, akakubali. Nikamwambia kuhusu salamu, akaguna.

"Shangazi, niwasalimishe wanangu walevi?"

"Saa saba mchana, mlevi gani? Ni watu wanakula."

"Wakianza kujifanya baba zao je?"

"Wewe si upo? Atakayewaambia washuke kwenye kiti utamshukuru. Atakayewagusa vibaya utamwona, kwa sababu utakuwa unawatazama, si unaitazama simu."

Hakuridhika. Alisema yeye amelelewa na wote na anajua jinsi ilivyouma, na hataki kila mpita njia awe na kura juu ya wanawe. Tuliyarudia maneno hayo kwa wiki kadhaa, yeye akisema kwamba heshima ya sasa ni kila mtu kushika lake, mimi nikisema kwamba ukishika lako usishangae wenzio wakikutazama wewe na watoto wako kana kwamba mmewakalia. Mwishowe Jumapili moja akanipitia na gari, nadhani ili nishuhudie njia yangu ikishindwa.

Tuliingia kwenye ufukwe mmoja uliokuwa umejaa nusu. Meza ya kwanza ilikuwa na wamama watatu wa kwaya, bado wamevaa sare. Mapacha wakatoa shikamoo, wamama wakaitikia kwa pamoja kana kwamba ni wimbo, mmoja akafungua mkoba akawapa karanga. Meza ya pili alikuwepo bwana mmoja peke yake, kompyuta mbele yake na vile vidude vya kusikilizia masikioni. Doto akasimama.

"Shikamoo."

Bwana akaendelea kuandika.

"SHIKAMOO!"

Hata mchoma samaki aligeuka. Bwana akainua macho, hakumtazama mtoto, akamtazama mama yake, kwa jicho ambalo nalifahamu tangu siku zangu za trei: wanyamazishe wanao. Mpwa wangu akafungua mdomo ili aombe radhi, lakini mmoja wa wale wamama wa kwaya akamwahi kutoka meza ya kwanza, kwa sauti ya kuongoza soprano.

"Wewe baba! Mtoto anakusalimia. Itikia!"

Bwana akachomoa kidude kimoja sikioni. "Marahaba," akasema. Kulwa, ambaye alikuwa bado hajapata zamu yake, akasogea mbele akaanza upya: "Shikamoo."